Kushukiwa si kuhukumiwa

Maneno yaliyotolewa Butembo na kurudiwa Beni, mbele ya familia zilizohamishwa na vita, familia zinazozipokea, na viongozi wa mitaa.

 

Nimeombwa niseme juu ya sheria ya makosa ya jinai: nani ana haki ya kumkamata mtu, mtu huyo anapita wapi, na mwisho wake anahukumiwa au anaachiliwa namna gani. Mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, usitudanganye. Sheria ni ya mwenye pesa." Sikubishana naye. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, nimeingia makasho mengi, na najua kwa nini anasema hivyo. Nilimwomba tu akae asikilize mpaka mwisho, kwa sababu kijana nitakayewaeleza habari zake hakuteseka kwa kukosa pesa. Pesa ilitoka. Kilichokosekana ni karatasi.

Kijana huyo alikuwa na miaka 20. Jina lake nalihifadhi. Familia yake ilikimbia kutoka upande wa Eringeti, ikakaa Oicha kidogo, ikaondoka tena, ikafika mjini kwa miguu. Karti yake ya uchaguzi iliungua pamoja na nyumba. Siku moja alitoka kutafuta kibarua cha kubeba matofali katika mtaa asioujua. Vijana wa doria wakamsimamisha. Karti iko wapi? Hana. Unakaa kwa nani? Alikuwa na siku nne tu pale, akakosea jina la mwenye nyumba aliyewapokea. Hayo yakatosha. Mmoja akasema, "Huyu ni wa kwao." Mnajua ni kina nani walioitwa "wao". Watu wakaanza kukusanyika, na mtu mwingine akaenda kutafuta taili.

Aliyemwokoa ni mama mmoja, kiongozi wa avenyu. Hakupiga kelele. Alisimama kati ya kijana na watu, akauliza: "Nani kati yenu amemwona akifanya nini?" Hakuna aliyejibu. Akamshika kijana mkono, akampeleka mwenyewe polisi.

Mimi nilisoma chuo kikuu, lakini sijasikia mwalimu aliyefundisha sheria ya jinai kwa maneno machache kama ya yule mama. Sheria haiulizi mtu ametoka upande gani, anaongea Kiswahili cha wapi, sura yake inafanana na ya nani. Inauliza amefanya nini, lini, mahali gani, na nani anaweza kulithibitisha. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kila anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa lake. Kushukiwa ni jambo moja. Kuhukumiwa ni jambo lingine. Kati ya hayo mawili iko njia ndefu, na njia hiyo ndiyo nataka tuipite pamoja leo.

Najua wako watakaosema: huyu anaongea hivi kwa sababu hajazika watu wake. Ndugu zangu, nimezika. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, ni familia ngapi hapa ambazo hazijalala nje na maiti? Hasira hiyo naijua. Lakini kumbukeni pia mwisho wa mwezi huo huo wa Oktoba 2014, mjini Beni. Kijana mmoja alishukiwa na abiria wenzake ndani ya gari kwa sababu hakujua Kiswahili cha hapa na alikuwa na panga. Watu walimpiga mawe mpaka akafa, wakamchoma. Panga! Nani kati yetu sisi wakulima hana panga? Alikuwa muuaji? Hatutajua kamwe. Kama alikuwa muuaji, basi tulichoma pamoja naye majina ya waliomtuma, njia waliyopita, mahali walipoficha watu waliotekwa. Kama hakuwa muuaji, basi sisi ndio tulioua, na wauaji wenyewe walikuwa msituni wakicheka.

Vijana wengi hapa wanaangalia filamu za Marekani kwenye vibanda vya video. Mmeona polisi anamfunga mtu pingu na kumwambia: una haki ya kunyamaza, una haki ya kuwa na mwanasheria. Wengi wanafikiri hayo ni mambo ya wazungu. Maneno hayo yalitokana na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1966, katika kesi ya mtu aitwaye Ernesto Miranda wa Arizona. Alikiri kosa mbele ya polisi bila kuambiwa haki zake. Mahakama ikasema kukiri kwa namna hiyo hakukubaliki. Je, Miranda alikwenda nyumbani? Hapana. Alihukumiwa upya mwaka uliofuata, kwa ushahidi mwingine, na akafungwa. Nalitaja hili kwa wale wanaosema kwamba haki za mshitakiwa ni njia ya kuwatoa wahalifu.

Sisi hatuna baraza la raia 12 wanaoamua kama mtu ana kosa, kama mnavyoona katika filamu zile. Hapa kwetu ni majaji wanaoamua. (Na huko Marekani pia, filamu zinadanganya kidogo: kesi zaidi ya 9 kati ya 10 zinazoishia kwa adhabu hazifiki mbele ya wale 12, mshitakiwa anakubali kosa ili adhabu ipunguzwe.) Lakini haki ile ya kuambiwa na kuwa na mtetezi, tunayo. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema: anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Akikamatwa Mnande asiyejua Kifaransa, aelezwe kwa Kinande au Kiswahili. Aambiwe haki zake. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au avoka wake. Na kasho la polisi lisizidi saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mkubwa wa sheria anayehusika.

Tukae kidogo kwenye saa hizo 48, kwa sababu mambo mengi yanaharibikia hapo.

Anayechunguza kwa jina la sheria ni OPJ, yaani afisa wa polisi mwenye madaraka ya upelelezi. Si kila mwenye bunduki ni OPJ. Si kila mwenye yunifomu. Kikundi cha vijana wa doria hakina kasho, na wala hakuna kundi lenye silaha lenye haki ya kufungia mtu chumbani au kumtoza faini. Mkimkuta mtu papo hapo akitenda kosa kubwa, mnaweza kumshika, lakini ni kwa ajili ya kumpeleka mara moja kwa wakubwa wa sheria walio karibu.

Wewe kiongozi wa mtaa, au wewe mama unayemtafuta mwanao, ukifika hapo usianze kwa kulia wala kwa kutukana. Andika saa. Nasema tena, andika saa aliyokamatwa, hata kwenye mkono, hata kwenye karatasi ya sabuni. Uliza jina la OPJ mwenye faili. Uliza anashitakiwa kosa gani, maana "tunachunguza" si jina la kosa. Omba uhakikishe kwamba jina lake limeandikwa katika daftari la kasho na saa ya kuingia, kwa sababu mtu asiyeandikwa ndiye anayepotea. Magistra wa parke ana kazi ya kutembelea makasho na kuangalia madaftari hayo, na hesabu ya saa zako ndiyo utakayompelekea.

Kisha iko PV, karatasi ambayo OPJ anaandika maneno ya mshukiwa. Wengi wetu tunapiga kidole tu ili tuondoke. Hapana. Isomwe kwanza, kwa lugha unayoielewa. Kama imeandikwa kitu ambacho hukusema, sema kisahihishwe kabla ya kidole. Karatasi tupu usiipige kidole hata ukitishwa. Na ukipigwa ili useme, jua kwamba mateso ni kosa la jinai katika nchi hii. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inamwadhibu anayetesa. Onyesha alama zako mbele ya magistra, na ukitoka nenda kwa daktari zingali mbichi, si baada ya mwezi.

Avoka anaweza kuwepo tangu hapo kwa polisi, si mpaka siku ya mahakama. Kifungu cha 19 kinasema hivyo, na kinaongeza kwamba hata mbele ya huduma za usalama mtu ana haki ya kuwa na mtetezi. Mtaniuliza: avoka tutamlipa na nini? Wako wanaofanya kazi ya bure, ile inayoitwa pro deo, na chama cha maavoka kina wajibu wa kuwasaidia wasio na kitu. Kuna pia cheti cha umaskini, ambacho kinampunguzia mtu mzigo wa malipo ya mahakama. Ombeni. Asiyeomba hapewi.

Baada ya polisi ni parke. Magistra wa parke anasikiliza upya. Anaweza kuona hakuna kosa akaifunga faili. Anaweza kumwachilia mtu kwa sharti la kujitokeza siku fulani. Akiona kuna dalili nzito, anaweza kutoa mandati ya kumweka kizuizini kwa muda; hiyo ina siku 5. Kwa kuongeza, lazima jaji, ambaye si yeye, akubali: siku 15 kwanza, kisha mwezi kwa mwezi, na kila mara sababu itolewe. Hizo ni hesabu za mahakama za raia. Makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka 5 yanakwenda mahakama ya amani, ile tunayoiita tripe. Yanayozidi hapo yanakwenda mahakama kubwa. Hukumu inasomwa hadharani, na aliyeshindwa ana haki ya rufaa. Siku za rufaa ni chache, kwa hiyo muulizeni karani wa mahakama siku ile ile.

Sasa nirudi kwa kijana wetu, na hapa lazima niseme kosa langu mwenyewe.

Alikaa kasho siku 9. Siku 9, si saa 48. Mama yake alinijia akilia. Aliambiwa kwamba kwa dola 50 mtoto anatoka. Mimi nilikuwa bado mgeni katika kazi hii, nilimwona kijana amevimba miguu, nikafikiri: atoke kwanza, mambo ya sheria tutayaona baadaye. Nikamwambia mama, "Tafuta hiyo pesa." Akauza mbuzi wawili waliokuwa wamebaki kati ya wale waliokimbia nao, akakopa zilizosalia kwa mwenye nyumba. Kijana akatoka usiku. Tulishukuru Mungu.

Wiki tatu baadaye alikamatwa tena, kwa jambo lile lile, na watu wengine. Tukakimbia kusema kwamba alikwishachunguzwa. Wakauliza, karatasi ya kumwachilia iko wapi? Hakuna. PV iko wapi? Hakuna. Katika daftari jina lake halikuonekana. Kwa macho ya sheria, yule kijana hakuwahi kukamatwa, hakuwahi kuulizwa, hakuwahi kuonekana hana kosa. Mbuzi wawili walinunua usiku mmoja tu. Mara ya pili tulikwenda na avoka wa bure mpaka parke. Tulimleta mama wa avenyu atoe ushahidi, tukaleta orodha ya waliohama ambayo jina la familia lilikuwamo, na magistra akafunga faili kwa maandishi. Ilichukua siku nyingi kuliko usiku ule, na ilikuwa bure. Mbuzi sijawarudisha mpaka leo. Mama yake hunisalimia vizuri, na hilo linaniuma zaidi kuliko kama angenitukana.

Kwa hiyo mnielewe juu ya pesa. Yako malipo ya halali. Magistra au jaji anaweza kumwachilia mtu kwa muda kwa dhamana, na pesa hiyo inalipwa kwa karani au kwa mtunza pesa wa serikali, unapewa risiti. Iko faini ya kumaliza makosa madogo, nayo ina risiti. Pesa inayolipwa nyuma ya nyumba, inayoitwa ya sigara, ya makaratasi, ya madesu ya watoto, haina risiti, na isiyo na risiti haimalizi kesi.

Kuna mambo mawili mengine yanayonisumbua sana hapa mjini. La kwanza ni deni. Butembo ni mji wa biashara, tunakopeshana kila siku, na mtu akishindwa kulipa tunakimbia kumwita OPJ amfunge. Kifungu cha 61 cha Katiba kinakataza kumfunga mtu kwa sababu ya deni, na kinakataza hata wakati wa hali ya dharura. Deni ni kesi ya madai. Kama kulikuwa na udanganyifu wa makusudi hilo ni neno lingine, na lithibitishwe. Lakini mama aliyekopa gunia la unga akakimbia vita na kulipoteza njiani si mhalifu.

La pili ni kukamata mtu kwa ajili ya mwingine. Kijana hayupo, wanamchukua baba yake. Mume amejiunga na kundi msituni, wanamfunga mke. Kifungu kile kile cha 17 kinasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, hakuna anayeshitakiwa kwa tendo la mwingine. Na hili linatuhusu hata sisi kwa sisi. Tunaposema familia fulani isipewe nyumba kwa sababu mtoto wao anasemwa yuko na wauaji, tunafanya lile lile tunalowalaumu wenye bunduki.

Wazee wangu, naomba ruhusa niseme juu ya kyaghanda na mabaraza yenu. Ninayaheshimu. Mipaka ya shamba, mbuzi aliyekula maharagwe, ugomvi wa ndugu, madeni haya niliyosema: mnayapatanisha vizuri kuliko mahakama, na kwa haraka. Lakini damu na ubakaji si mambo ya mbuzi. Nimeketi katika kikao ambapo msichana wa miaka 15 alikuwa amebakwa, na familia mbili zilikuwa zinahesabu mbuzi, msichana mwenyewe akiwa jikoni anapika chakula cha wageni. Hakuna aliyemwita.

Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zimekata mjadala huo. Ubakaji una adhabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 20. Aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa amekubali, hata kama mtasema walipendana. Faini ile ya kumaliza makosa madogo haihusu makosa haya kabisa. Uchunguzi wa mwanzo ufanyike ndani ya mwezi mmoja, na hukumu itoke ndani ya miezi 3 tangu kesi ifikishwe mbele ya wakubwa wa sheria. Muda huo hauheshimiwi kila mara, na mnalijua, lakini ukiwa umeandikwa una mahali pa kusimama ukidai. Aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi, na daktari aandike alichokiona. Asioge kwanza, nguo zisifuliwe. Naye ana haki ya kujiunga na kesi kudai fidia, hata mbele ya mahakama ya kijeshi.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi: chini ya miaka 14 mtoto hana hatia ya jinai, na kati ya 14 na 18 anakwenda kwa jaji wa watoto, kufuatana na sheria ya tarehe 10 Januari 2009. Mtoto aliyetoka msituni si mfungwa wa vita wa mtaa wenu. Mpelekeni kwa wahusika wa kulinda watoto.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu na Ituri yaliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, ile tunayoiita eta de siezhe, na kesi za jinai za raia zikaanza kupelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Wengi wanaogopa, wanafikiri huko hakuna sheria. Ziko, ni za mwaka 2002, na hesabu za siku huko ni tofauti na zile nilizowapa, kwa hiyo muulizeni avoka. Ila Katiba inasema wazi, katika kifungu cha 61 na cha 156, kwamba haki ya kujitetea na haki ya rufaa haziondolewi hata wakati huo. Na Machi 2024 serikali iliondoa kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo kilichokuwa kimedumu tangu 2003. Fikirini maana yake kwa kijana kama yule wa matofali. Kosa la jina, ushahidi wa uongo wa jirani anayetaka kiwanja chako, sasa vinaweza kugharimu kitu kisichorudishwa. Kusema uongo mbele ya mahakama ni kosa lenye kifungo. Waambieni watu wa mtaa hilo mapema.

Swali mojawapo nililoulizwa huko Butembo lilikuwa hili: kuna faida gani kupeleka mtu gerezani, wakati magereza yanavunjwa? Ni swali la haki. Kangbayi, hapa Beni, lilishambuliwa Juni 2017, wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka na watu 11 wakafa. Likashambuliwa tena tarehe 20 Oktoba 2020, wakatoka zaidi ya 1,300. Kakwangura, Butembo, Agosti 2022, zaidi ya 800. Mashahidi waliotoa ushahidi hadharani waliamka asubuhi na kusikia kwamba waliowataja wako nje. Sina maneno matamu ya kuwaambia. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani ya umati ule walikuwamo pia watu waliosubiri kesi miezi mingi bila kusikilizwa, wengine kwa vitu vidogo, na waliotoroka nao leo wanaitwa watoro. Gereza likijaa watu ambao faili zao hazisongi, mwenye kosa zito na mwizi wa kuku wanalala mkeka mmoja, na wote wanangoja mlango uvunjwe.

Nitamaliza na jirani zetu wa Ituri. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro kilishambuliwa, watu wengi wakauawa. Watu wawili walipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, La Haye. Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014, miaka 12. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa tarehe 18 Desemba 2012, na rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2015. Watu walikasirika sana. Wakasema, kwa hiyo Bogoro hakuna aliyekufa? Majaji walikuwa wamekwisha kulieleza jambo hilo: kusema kosa halikuthibitishwa juu ya mtu huyu si kusema kwamba kijiji hakikuteswa. Walipima ushahidi ulioletwa, wakaona hautoshi. Hapa ndipo naona kazi yetu sisi tusio majaji. Ushahidi unatoka kwetu. Unatoka kwa yule aliyeandika tarehe, aliyehifadhi majina ya waliozikwa, aliyejua kaburi liko wapi, aliyesema alichokiona kwa macho yake bila kuongeza alichosikia sokoni.

Viongozi wa mitaa wabaki kidogo baada ya kikao, nitawaonyesha namna ya kuandika daftari la matukio: tarehe, saa, mahali, nani aliona, nani alipelekwa wapi na nani. Wale waliopoteza karti zao kwa kukimbia walete majina, tuone namna ya kuwapatia cheti cha upotezaji kabla hawajasimamishwa njiani. Na sasa maswali. Nimeona mkono wa mama aliyebeba mtoto, pale nyuma. Mama, sema, na usiogope kusema kwa Kinande.